Kichwa cha Mzee Kipkorir

Kipruto ndiye aliyesikia gari kwanza. Alikuwa ameketishwa mlangoni penye jua, amefungwa kiunoni kwa leso asiteleze kitini, na kabla hata mbwa hajabweka, shingo yake iligeuka, mikono ikarukaruka, na akatoa ile sauti ya furaha ambayo humtolea mtu mmoja tu duniani.

Lenah, mama yake, alikuwa kwenye mistari ya juu ya chai, kikapu mgongoni na plastiki imefungwa kiunoni umande usimlowe. Hakuhitaji kutazama barabarani.

"Esnah amefika," akasema peke yake, na mkono wake ukang'oa tawi zima mahali pa majani mawili na chipukizi.

Mama mwingine angefurahi kumsikia mtoto wake akifurahi. Lenah alijaribu, Mungu anajua. Lakini kelele ile ilimchoma mbavuni. Nani alimwosha Kipruto asubuhi hiyo? Nani alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu, akimgeuza ubavu huu na ule ngozi isichubuke? Ni yeye, kila siku, tangu mvulana akiwa hajaanza kusimama mpaka sasa ameanza kuota ndevu. Hajawahi kupigiwa kelele kama hiyo. Esnah, mdogo wake Lenah, huja mara chache kwa mwaka, na gari jeupe na biskuti za dukani, na mvulana nusura apindue kiti.

Roret nzima inamjua Daktari Esnah. Yeye si daktari wa kukuandikia dawa ya kikohozi. Kazi yake ni utafiti. Huko Eldoret wanawalaza watoto ndani ya mashine kubwa ya mviringo, inapigapiga kelele kama fundi wa mabati, na picha ya ubongo inatokea kwenye kioo. Watoto wenyewe ni wale waliorithi magonjwa ya mwili kushindwa kukitumia chakula. Mtoto kama huyo huzaliwa akiwa mzuri tu, anacheka, anashika kidole chako. Halafu siku moja anapata homa kama watoto wote, na homa ikiondoka mikono imepinda na shingo haina nguvu. Esnah anatafuta kwenye zile picha ni saa gani hasa ubongo huharibika, na kama mtu anaweza kufika mapema akauokoa.

Na kazi hiyo aliipata nyumbani kwa Lenah. Kipruto alipofika umri wa chekechea ambayo hakuweza kwenda, Esnah akiwa bado mwanafunzi, alimbeba hadi Nairobi akapigwa picha. Mpaka siku hiyo watu walikuwa wanasema ni homa ya ubongo, wengine wakinong'ona kuhusu macho mabaya ya watu. Picha ikaonyesha sehemu mbili ndogo katikati ya ubongo zimekauka, zile zinazoamuru mikono na miguu. Akili yenyewe ilikuwa salama. Mvulana alikuwa anaelewa kila kitu, amefungiwa tu ndani. Tangu hapo Esnah hakutaka kusomea jambo lingine.

"Mtoto ni wangu, shida ni yangu," Lenah humwambia jirani yake Eddah, "lakini anayeshukuriwa kanisani ni yeye."

Eddah Aoko ni mtu wa upande wa ziwani, aliletwa huku na kazi ya mumewe ya kiwandani, na sasa anauza dagaa wa omena na mboga pale sokoni Roret. Mdomo wake haujui kupumzika.

"Basi simama na wewe," Eddah akamjibu siku moja. "Sema, mimi ndiye nilibeba huyo mtoto tumboni, nipigieni makofi ya kilo."

"Wewe unacheka."

"Nacheka, ndiyo. Wewe ukianza kulia hapa utalowesha omena yangu, nitauzia nani?"

Chanzo cha maumivu haya ni cha zamani. Baba yao, Mzee Kipkorir, alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na alikuwa na kichwa kikubwa kwelikweli. Kofia yake ilitafutwa Kericho mjini kwa sababu za Roret zilimkalia juu kama kifuniko cha sufuria. Watu wakigombania mpaka wa shamba, walimwita yeye. Lenah alipomaliza darasa la nane alikuwa amepita vizuri. Mzee akamwambia, "Kaa kwanza, mama, tuone chai itafanyaje." Akakaa. Kukaa huko kukawa ni kuchuma, na kuchuma kukawa ni kuolewa. Esnah alipopita, chai ilikuwa imefanya vizuri, naye akaenda sekondari. Lenah ndiye aliyembebea sanduku mpaka barabarani, tena akiimba. Hasira haikuwepo siku ile. Ilikuja polepole baadaye, kama harufu katika kibuyu ambacho hakikusuguliwa vizuri na mkaa.

Baada ya Kipruto nyumba ilikaa kimya miaka mingi. Esnah alikuwa amewaeleza, Lenah na mumewe Kiptum, kwamba wao ni wazima lakini kila mmoja amebeba nusu ya ugonjwa bila kujua, na mtoto akipokea nusu zote mbili ndipo anaugua. Kila mimba ni bahati nasibu upya. Wakaogopa. Kiptum akasema Mungu amewapa Kipruto na inatosha. Halafu Lenah, akidhani siku zake zinaelekea ukingoni, akajikuta ana mimba.

Akazaliwa Kiplangat jioni ng'ombe wakirudi, na jambo la kwanza ambalo kila mtu aliona ni kichwa.

Huku kwetu mtoto mwenye kichwa kikubwa haonewi huruma. Wamama waliokuja kumtazama walicheka kwa furaha: chifu huyu, askofu huyu, mnunulieni kofia mapema. Siku ya kumtafutia jina la ukoo, wazee wa kike walikusanyika kama desturi, wakaanza kuita majina ya waliotangulia, wakingoja mtoto apige chafya kwa lake. Pasta hapendi sana mambo hayo, lakini mama mzazi wa Lenah, ambaye wote humwita Kogo, yaani bibi, alisema, "Pasta atabatiza. Sisi tunaita tu." Wakaita wa upande wa Kiptum, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akawatazama kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Hebu tuite na wetu," Kogo akasema. "Siku hizi hakuna ubaguzi. Kipkorir! Uko hapa, Kipkorir?"

Mtoto akapiga chafya mpaka kichwa kikatikisika.

Vigelegele vilivyotoka hapo vilisikika ng'ambo ya mto. "Mzee amerudi! Si mnaona kichwa chenyewe?"

Lenah alilia kitandani, na watu wakadhani ni machozi ya kawaida ya mzazi. Hawakujua. Baba yule, ambaye maisha yake yote alipita mlangoni pa Lenah akielekea kwa Esnah, alikuwa amerudi na kuchagua mahali pa kulala. Hakuchagua kwa Esnah, mwenye watoto wawili wazima wanaosoma shule za basi la manjano. Amekuja hapa, penye matope na kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo Esnah alipopiga simu kutoka India, alikokuwa ameenda kuongeza mafunzo, akisema, "Lenah, mtoto apimwe damu sasa, kabla hajapata homa yoyote," Lenah alijibu vizuri, "Nitampeleka." Simu ya pili akasema wiki ijayo. Simu ya tatu akasema mtandao ni mbaya, na akazima.

Na sasa gari jeupe lilikuwa uani.

Lenah alipofika chini na kikapu chake, Esnah alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Kipruto, akimfuta kidevu kwa skafu yake mwenyewe ya hariri, akimwonyesha picha kwenye simu. "Ona, Kipruto. Hii ni sehemu inayoamuru mkono wa kulia. Yako imekauka hapa, unaona? Tunatafuta dawa ya kulegeza misuli. Sikudanganyi, haitakufanya utembee." Na mvulana alikuwa anacheka, anatikisa kichwa, kama mtu mzima anayesomewa hesabu za shamba lake. Lenah aliona ni ukatili kumwonyesha mtoto vitu kama hivyo. Lakini mwana alikuwa anacheka.

"Dada, habari ya hapa?" Esnah akainuka, akamkumbatia. Alinukia sabuni nzuri. "Basi niletee huyo mzee nimwamkie."

Akaletewa. Akamshika, akamchezesha, "Chamgei, baba," akacheka. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha. Aliutazama utosi wa mtoto, akaugusa kwa vidole. Akafungua mkoba, akatoa tepu ya fundi cherehani, akaizungusha kichwani mwa mtoto.

Huku kwetu mtu hupima kitambaa, hupima shamba, na hupima maiti wa kuchongewa sanduku. Mtoto mchanga hapimwi hivyo uani, mbele ya watu. Hata huko kliniki mama hugeuza uso. Lenah alimnyakua mwanawe, tepu ikaanguka vumbini.

"Unampima mtoto wangu kama amekufa?"

"Nampima kichwa, Lenah. Kimezidi. Hata cha Kipruto kilianza hivi hivi, wewe mwenyewe uliniambia kofia zilikuwa hazimwingii."

"Hiki ni kichwa cha baba."

"Baba alikuwa na kichwa kikubwa, ni kweli, lakini..."

"Muulize mama! Aliitwa, akapiga chafya, watu wamejaa hapa mpaka kwa ng'ombe. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazini. Sasa sikiliza. Baba alikuwa wako miaka yote. Alikupeleka shule, akakuuzia ng'ombe, mpaka siku anakata roho alikuwa anauliza Esnah amefika wapi. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na anauliza wewe! Sasa amekuja kwangu, na unaona wivu."

Kiptum, aliyekuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa, akasimama hapo hapo, hajui aelekee wapi.

"Mama Kipruto," akasema kwa upole, "si umwachie shemeji achukue hiyo damu kidogo?"

"Tone tu la kisigino," Esnah akasema. "Halafu mje Eldoret tumpige picha. Ugonjwa huu haungoji mtu akasirike na apoe."

"Kichwa kimoja kutoka nyumba hii ulishachukua. Hicho kikutoshe."

Maneno yalishamtoka Lenah. Esnah aliokota tepu yake, akaipangusa vumbi taratibu, kama inamhitaji sana. Pale getini alizungumza na Kiptum, lakini kwa sauti ya kumfikia Lenah. Mtoto akipata moto, akitapika, akikataa titi, msingoje kuona kama itapita. Asipewe maziwa ya ng'ombe wala mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Mpeni maji ya sukari, kidogo kidogo, bila kuacha, na mkimbie hospitali wamwekee maji ya sukari ya mshipa. Akikaa na njaa na homa, mwili wake unajila, na mabaki yanageuka sumu ya ubongo. Lenah alikuwa amegeuka anachambua kuni. Alisikia kila neno.

Gari lilipoondoka Kipruto alilia. Akakataa chakula. Mama yake alikaa mbele yake na kijiko mpaka ugali ukapoa, na kila akikileta mdomoni, mvulana aligeuza uso upande wa barabara.

"Haya," Lenah akamwambia. "Ngoja huyo mama yako mwingine aje akulishe."

Akajuta papo hapo, akamfuta machozi kwa kiganja. Lakini alikuwa ameshasema.

Majuma yaliyofuata alikuwa mtu wa kujiuma ndani. Akiwa kituoni, wenzake wakingoja lori la majani, mtu akitaja tu "dada yako," anahisi moto masikioni. Kanisani alipiga magoti kama kawaida yake, akawaombea wagonjwa, akawaombea wajane, na mwishoni akamwomba Mungu jambo ambalo hakulitamka kwa mdomo: kwamba Esnah awe amekosea. Si kwamba mtoto awe mzima tu. Esnah awe amekosea, na watu wajue. Alijua hiyo si sala safi. Aliisali hivyo hivyo, na Jumapili iliyofuata akaisali tena.

Baridi ya mwezi wa saba ikashuka na ukungu wake. Siku hiyo Kiptum alikuwa amepeleka mtamba Sotik. Asubuhi Kiplangat alikuwa anapiga chafya na mafua, jambo la watoto wote baridi ikija. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa wa moto. Akatapika. Akapewa titi, akalishika mdomoni bila kuvuta, akaliachia, akalala.

Kogo akaja, amejifunga shuka, ameshika kibuyu chake. Mursik ya Kogo inajulikana. Hata wazungumzaji wa harusi huiulizia.

"Mpe kijiko kimoja tu apate nguvu," akasema. "Wewe nilikupa ukiwa hujaota jino. Esnah nilimpa. Mzee mwenyewe alikuwa hanywi kitu kingine."

Lenah akapokea kikombe na kijiko. Akasimama hapo. Kumpa mursik ilikuwa ni rahisi, na kumwacha alale mpaka Kiptum arudi ilikuwa rahisi zaidi. Lakini kukoroga maji ya sukari, kushika simu, kutafuta gari, hiyo ilikuwa ni kusema kwa mdomo wake kwamba kile si kichwa cha baba. Kwamba baba hakurudi. Kwamba hata mara hii hakuchagua kwake. Na wa kwanza atakayeambiwa haya ni Esnah. Akajiambia ni mafua tu. Nusu ya watoto wa ukoo wana mafua. Akakaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, kijiko mkononi.

Ndipo Kipruto alipoanza.

Haikuwa ile sauti ya furaha. Ilitoka chini ya kifua, nzito. "Aa-na! Aa-na!" Hivyo ndivyo anavyotamka Esnah.

"Nyamaza!" Lenah akapiga kelele, na machozi yakamtoka. "Hata leo unamwita yeye? Mimi niko hapa! Mimi ndiye niko hapa kila siku!"

Kipruto hakunyamaza. Alikuwa ameloa jasho katika baridi ile. Mkono wake wa kulia, ule usiomtii, aliupigania mpaka ukainuka, ukamwangukia kifuani pake mwenyewe. Halafu akautupa mbele, ukapinda, ukaelekea kwa mtoto. Akaurudisha kifuani. Akautupa tena kwa mtoto. Yeye, na mtoto. Yeye, na mtoto. Na macho yake hayakutoka kwenye uso wa mama yake.

"Anataka nini huyu?" Kogo akauliza.

Kikombe Lenah alikiweka chini, kikamwagika, hakukitazama. Simu ilikuwa juu ya kabati.

"Esnah."

"Nini?"

"Ana moto. Hataki kunyonya. Ametapika na analala lala."

Alijikaza angoje kusemwa. Alikuwa hata ameinamisha shingo.

"Sukari iko?" Esnah akauliza.

"Iko."

"Koroga sasa hivi, maji ya vuguvugu. Kijiko kidogo, unahesabu kidogo, kingine. Akitapika unaanza tena. Usikate simu. Gari iko?"

Eddah Aoko ndiye aliyeleta gari. Alikimbia na aproni yake ya omena mpaka kwa Ouko, kijana wa Probox anayebeba maziwa, akamkuta anapakia.

"Shusha hiyo mitungi!"

"Mama, haya ni maziwa ya watu, yataharibika!"

"Yaharibike! Mimi nitayanunua, nitayaoga! Shusha!"

Ouko akashusha. Eddah akabaki na Kogo kumwangalia Kipruto, na Lenah akaenda na mtoto, akimtilia sukari mdomoni kila gari liliporuka shimo, simu imebanwa begani, sauti ya dada yake ikisema kingine, kingine, usiache.

Hospitalini walikuta daktari kijana, Clifford, ameshaongea na Esnah, na maji ya mshipa yametayarishwa. Walimtafuta Kiplangat mshipa mikononi wakakosa, wakaupata kichwani, pale pale pakubwa pa kusifiwa. Lenah alikaa akiangalia tone likifuata tone.

Kiptum alifika jioni, matope ya Sotik bado yako viatuni. Esnah alifika baada yake, ameendesha gari peke yake toka Eldoret. Akasoma chati, akamgusa mtoto paji, akakunja mkono wa mtoto na kuunyoosha, upande huu na ule. Akashusha pumzi. Hakusema "nilikuambia." Lenah aliingoja kauli hiyo usiku kucha na asubuhi yake, na haikuja, na kutokuja kwake kulimuudhi kuliko kama ingekuja. Angesema tu, Lenah angepata mahali pa kushika. Sasa dada yake alikuwa amemshinda hata kwa unyamavu. Ndiyo, aliwaza hivyo akiwa hapo hapo pembeni ya kitanda, Mungu amsamehe, huku anashukuru.

Mtoto alipopata nguvu walihamishiwa Eldoret. Damu ikapimwa, na majibu yakawa yale yale ya kaka yake. Nusu zote mbili. Halafu akalazwa ndani ya ile mashine, amefungwa kama mkate, pamba masikioni.

Esnah alimwita Lenah kwenye chumba chenye kioo, wao wawili tu na mtoto. Lenah akaketi, akamfunika Kiplangat kwa shali, akampa titi. Akavuta. Tangu aanze kupata nafuu alikuwa anavuta mpaka inauma.

"Hapa pembeni," Esnah akaonyesha kwa kalamu, "unaona hizi nafasi nyeusi? Ubongo umeacha nafasi kubwa, maji yamejaa. Ndiyo maana kichwa ni kikubwa. Si baba, Lenah. Natamani ingekuwa baba."

"Endelea."

"Sasa angalia hapa katikati. Hizi mbili. Ndizo ugonjwa huchoma. Ni nzima. Zote mbili. Atakuwa na maziwa yake maalum pamoja na yako, na dawa, na kila homa ni kukimbia mpaka apite utoto. Lakini atatembea. Atakuchumia chai."

Lenah alitazama zile sehemu mbili za kijivu, ndogo kama maharagwe. Hakulia.

"Kipruto angewekewa maji yale siku ile ya kwanza," akasema.

"Hatukujua, dada. Hakuna aliyejua."

"Sijauliza kama tulijua."

Esnah alitazama chini. "Angetembea," akasema.

Ng'ambo ya ukuta mashine ilikuwa inaguruma. Lenah alimtazama mtoto mapajani mwake, mashavu yamejaa, mkono mdogo ukifungua na kufunga juu ya shali, vidole vyote vimenyooka. Kitu kikaamka ndani yake, na akakitambua mara moja kwa sababu alikuwa ameishi nacho maisha yake yote, ila safari hii kilikuwa kimegeukia pale ambapo hakutegemea.

"Namwonea huyu wivu," akasema. "Mtoto wangu mwenyewe. Namwonea wivu kwa ajili ya yule aliyeko nyumbani. Wewe umesoma, niambie, kuna mama wa namna hiyo?"

"Yuko," Esnah akasema, na machozi yakashuka mpaka kwenye koti lake jeupe. "Mimi watoto wangu wakikimbia uwanjani naondoka, naenda kukaa kwenye gari. Namwona Kipruto. Siwezi kumwambia mtu."

Lenah hakumshika mkono, moyo ulikuwa bado haujafika huko. Lakini alisogeza kiti chake, mguu ukapisha mguu, wakawa wamekaa bega kwa bega mbele ya ile picha.

Baadaye Esnah akajifuta uso, akanyoosha mikono. "Nipe nimshike kidogo."

Lenah aliivuta shali karibu zaidi.

"Bado ananyonya," akasema.

Esnah akairudisha mikono yake mapajani, akaikunja, akakaa akingojea.